"Call off": nani kaghairi, mimi au bosi?

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri msimamizi kanipigia: "You're called off today." Yunifomu nimeshavaa, chai mkononi. Nikajua kibarua kimeota nyasi, nikakaa kitandani nikalia. Jioni naangalia ratiba, Jumatatu nimo kama kawaida! Hili neno lina maana ngapi? Nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Columbus, Ohio, mwezi wa pili sasa.

—

Marahaba mdogo wangu, pole. Uliloogopa ni "laid off", kupunguzwa kazini. "Called off" ya asubuhi ile ni zamu tu imefutwa: wazee wachache, wafanyakazi wengi. Mara nyingi saa hizo hulipwi, kwa hiyo uliza kama unaweza kukata kwenye likizo yako.

Sasa geuza. Ukisema wewe "I called off", hapo Ohio na kwetu Pennsylvania maana yake uliwapigia kusema huji. Kwingine Marekani husema "called out" au "called in sick". Lakini "they called me in" ni kinyume: umeitwa ukafanye kazi siku yako ya kupumzika.

Na ukiumwa, piga simu namba ya kazini. Kumtumia meseji shoga yako wa zamu hakuhesabiki. Ukikaa kimya wanaandika "no call, no show", na hiyo ndiyo inayofukuzisha watu.

—

Huku Leicester, Uingereza, ukisema "I called off" watakuuliza umeghairi nini. Sisi ni "ring in sick". "Call off" tunaisikia zaidi kwenye migomo ya treni: ikiwa "called off", hakuna mgomo.

Msichanganye na "put off", ambayo ni kuahirisha. Najua kwetu mkutano "umeahirishwa" hata kama umeshazikwa, lakini Mwingereza akikwambia harusi ni "called off", rudisha suti dukani. Na mseme "call it off". "Call off it" hakuna.

—

Mdogo wangu, nilisahau kubwa. Angalia mahudhurio yako kwenye kompyuta ya kazini. Wakikosea wakaandika wewe ndiye uliyepiga, unahesabiwa pointi ya utoro.

—

Dada, nimeangalia sasa hivi. Wameandika mimi. Simu yao ya saa kumi na moja bado ninayo kwenye orodha, kesho naingia nayo ofisini.