Gofu: draiva inakata kulia, ayani 7 inanyooka: kosa liko wapi?

KijitiChaTii:
Wakuu, naomba msaada. Napiga mkono wa kulia. Nikishika draiva (fimbo ndefu ya kupiga mbali), mpira unaanza kushoto kidogo ya lengo, halafu njiani unakata kulia mpaka kwenye nyasi ndefu. Ajabu ni kwamba ayani 7 (fimbo fupi ya chuma) inakwenda nyoofu, mara nyingine inavuta kushoto. Nikilenga kushoto zaidi ili slaisi, yaani huko kukata kulia, irudi katikati ya fawei (njia ya nyasi fupi), ndiyo kwanza inazidi. Uso wa draiva umelala digrii 10.5. Nibadilishe fimbo au swingi, yaani namna ninavyoizungusha?

MzeeWaFawei:
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Mpira huondoka ukifuata zaidi upande ambao uso wa fimbo umetazama wakati wa kugonga, kisha hupinda kwa sababu ya tofauti kati ya uso huo na njia inayopita fimbo. Wako unaanza kushoto, maana yake uso unatazama kushoto. Unapinda kulia, maana yake njia ya fimbo inakwenda kushoto zaidi ya hapo. Kwa kifupi unafyeka, fimbo inatoka nje, upande wa mbali nawe, kuja ndani.

Ayani 7 ina kosa hilo hilo. Ila uso wake umelala digrii 30 na ushee, unaupa mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, hivyo kupinda hakuonekani. Huko "kuvuta kushoto" ndiyo njia yako halisi inajionyesha.

Kulenga kushoto kunafungua mabega, yaani yanatazama kushoto, na fimbo hufuata mabega. Ndiyo sababu inazidi.

Simama kwenye mpira, kisha lalisha draiva kifuani, bega hadi bega, uone inaelekea wapi. Kwa wengi inaelekea kushoto: mpira wa draiva uko mbele, mkono wa kulia unaufuata, bega la kulia linajitokeza. Lirudishe nyuma na lishushe kidogo mpaka fimbo iwe sambamba na mstari wa lengo. Mpira ukae mkabala na upande wa ndani wa kisigino cha kushoto, usivuke hapo. Tii, kijiti cha kuinulia mpira, iwe ya kutosha nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva. Tii fupi inakualika kufyeka kutoka juu.

Halafu mshiko. Mpini upite kwenye vidole vya mkono wa kushoto, toka shina la kidole cha mwisho hadi pingili ya kati ya kidole cha shahada, usilale kiganjani. Ukitazama chini uone vifundo 2 hadi 3 vya vidole vya mkono huo. Ukiona kimoja tu, uso utachelewa kufunga, yaani kugeukia kushoto.

NjeKujaNdani:
Mzee, kwenye mkao sina neno. Mshiko asiuguse kwa sasa. Uso wake tayari unatazama kushoto. Akiufunga zaidi huku njia ikiwa vile vile, mpira utakwenda kushoto moja kwa moja hadi porini. Njia kwanza.

Chukua kisanduku kitupu cha mipira, kiweke nje ya mstari wa mpira (upande wa mbali nawe), kama sentimita 25 nyuma ya mpira, na uache nafasi ya kichwa cha draiva kupita. Ukishuka kwa kufyeka utakigonga. Hakuna kocha anayesema ukweli haraka hivyo. Anza na nusu swingi, 5 bila mpira, 5 na mpira, kisha ongeza nguvu.

Kosa linazaliwa fimbo ikiwa juu: bega la kulia linakimbilia mpira kabla ya miguu. Uzito uanze kuhamia mguu wa kushoto wakati mgongo bado umelipa lengo kisogo, na kiwiko cha kulia kishuke karibu na nyonga ya kulia. Ukihisi unapiga kuelekea kulia ya lengo, pengine ndiyo kwanza umenyooka.

PodaYaMiguu:
Kabla ya yote hayo, angalia mpira unagonga wapi. Puliza poda ya miguu ya kopo usoni mwa draiva, piga mipira 3, soma alama. Alama zikikaa upande wa kisigino cha fimbo (ulio karibu na mpini), hiyo peke yake inaongeza slaisi: kichwa kinajizungusha na mpira unazunguka kinyume chake, kama meno ya gia mbili. Dawa ni kusimama nyuma kidogo na kuacha uzito usikimbilie vidole vya miguu. Na usijipime Dar siku upepo unakupiga usoni, unakuza kila mpindo. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na slaisi ile ile inaonekana ndogo.

KijitiChaTii:
Shukrani wakuu. Na kisanduku kikipona lakini mpira ukaanza kulia na kuzidi kulia, nimeharibu?

NjeKujaNdani:
Hapana, hiyo ni hatua. Njia imehama, uso sasa ndio umebaki wazi, yaani unatazama kulia. Hapo ndipo mshiko wa Mzee unaingia: geuza mkono wa kushoto kuelekea kulia kiasi cha kuona kifundo kimoja zaidi, usikaze mpini, piga mipira 10 kabla ya kugusa kitu kingine.