Wastani wa mikungu 64: ni wa sampuli au wa shamba zima?

MatokeMbarara: Ndugu zangu, shamba lina mikungu 400 ya matoke iliyokomaa. Imepimwa 64: wastani kilo 18.4, mkengeuko sanifu (mikungu inavyotofautiana na wastani) kilo 5. Kwenye ripoti niandike μ = 18.4? Na kwenye Excel, kupata mkengeuko sanifu, nitumie STDEV.S (ya sampuli) au STDEV.P (ya kundi zima)?

Hesabu_Gulu: Hapana, usiandike μ. Hiyo ni parameta, wastani wa mikungu yote 400. Ni namba moja, haibadiliki, na huijui mpaka upime yote. Ya kwako ni x̄, wastani wa mikungu 64 tu, yaani takwimu ya sampuli: ukipima mingine 64 itakuja tofauti. Andika x̄ = 18.4, s = 5 (mkengeuko sanifu), n = 64 (idadi iliyopimwa).

Tumia STDEV.S, inayogawa kwa n − 1. Kwa kuwa μ huijui, unapima tofauti kutoka x̄, ambayo imetokana na data hizo hizo, kwa hiyo jumla ya miraba ya tofauti hizo huwa ndogo kuliko ingetoka kwa μ. Kwa 64 hutaona tofauti kubwa. Kwa mikungu 5, STDEV.P inapungua karibu 11% chini ya STDEV.S.

Mizani256: Naongeza kosa sanifu, yaani kiasi x̄ inavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine: 5 ÷ √64 = 0.625. Umepima 16% ya shamba, sehemu ya kutosha kupunguza kosa hilo, basi zidisha kwa √(336 ÷ 399), yaani √((400 − 64) ÷ (400 − 1)) = 0.918, upate 0.574. Mara 2 ni 1.15. Kadirio la μ: kilo 17.25 hadi 19.55, kwa uhakika wa 95%. Usichanganye 5 na 0.574! Ya kwanza inaeleza mikungu inavyotofautiana, ya pili x̄ inavyoyumba.

Hesabu_Gulu: Hayo yote yanasimama ikiwa sampuli ni nasibu, yaani kila mkungu ulikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ilichaguliwaje?

MatokeMbarara: Mistari ya karibu na nyumba.

Hesabu_Gulu: Hapo kuna tatizo, ndugu. Migomba ya karibu na nyumba hupata maganda, majivu na taka za jikoni, mara nyingi mikungu yake ni mizito. x̄ inakuwa juu ya μ na fomula haitakuonyesha, hata ukipima 200 ya mistari hiyo hiyo. Ipe migomba namba 1 hadi 400, chagua kwa RANDBETWEEN(1,400) ya Excel, inayotoa namba ya bahati nasibu, ruka zinazojirudia mpaka zitimie 64, upime upya. Ukikosa muda, andika waziwazi kwamba 18.4 ni ya mistari ya karibu na nyumba tu, na usiizidishe kwa 400.