Kliniki za wanawake wanaouza ngono: zirudi, ama wapange foleni na sisi wote?

Wadau tuongee hii mambo bila matusi. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, vituo vingi vya hawa wanawake hapa Kenya vilifungwa, wakaambiwa waende hospitali za serikali kama kila mtu, na hata pesa za PEPFAR (mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI) ziliporudi nusunusu, PrEP (dawa ya kumkinga asiye na virusi vya UKIMWI asiambukizwe) ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Nikilalamika naambiwa walichagua hiyo kazi, wapange foleni. Mimi nasema vituo virudi na serikali yetu ilipe.

Nimekuwa mwelimishaji rika huku Mtwapa. Mtu anatoka kazini alfajiri, analala, akiamka hospitali inakaribia kufunga. Akifika dirishani anaulizwa kwa sauti "PrEP ya nini, kwani bwanako ana virusi?" na nyuma yake kwa foleni kuna jirani na mama wa kanisani. Huyo harudi tena. Hata chupa yenyewe ni balaa, vidonge vinalia kwa mkoba na chupa inafanana na ya ARV (dawa za wenye virusi), kastoma akiiona anasema huyu mgonjwa, anatoroka ama anampiga. Kituoni walikuwa wanaonyeshana kuweka pamba ndani isilie, mambo kama hayo nesi wa hospitali utamwelezea saa ngapi?

Halafu kondomu. Kastoma anaongeza pesa ndio asivae, na askari akikupata na pakiti kadhaa anasema huo ndio ushahidi, utoe kitu kidogo ama ulale seli, kwa hivyo mtu anabeba mbili tu zikiisha zimeisha. Na akibakwa, PEP (dawa ya dharura ya kuzuia virusi baada ya tukio) inatakiwa ianze ndani ya saa 72, usiku ule atamwendea nani?

Utafiti wa Nairobi wa 2010 na 2011 ulikuta karibu 3 kati ya 10 ya wanawake hawa wana virusi, wakati watu wazima nchi nzima mwaka 2012 ilikuwa 5.6 kwa mia. Na wateja wao ni waume za watu, asubuhi wanarudi nyumbani.

Kuna aliyesema kituo cha peke yao kinawaanika, hiyo ni hoja ya maana, ila chetu kilikuwa nyumba ya kawaida tu bila kibao.

Sasa nyinyi wa foleni, hospitali iliyo karibu na wewe inatoa PrEP usiku? Na yule wa dirishani anajua kunyamaza? Kama ndio, elezeni inavyofanya kazi tuijadili.