Naomba ushauri: miche ya okidi inageuka kahawia ndani ya chupa

Habari zenu wakuu. Natumaini humu wapo wanaootesha mimea kwa tishu, yaani ndani ya chupa safi zisizo na vijidudu, maana nimekwama.

Naotesha mbegu za okidi, Ansellia africana, kwenye maabara ndogo hapa Kigamboni. Mbegu zenyewe ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, kwa hiyo bila kuvu wake wa porini anayezilisha lazima zilishwe sukari. Natumia chakula cha Murashige na Skoog (mchanganyiko wa madini ya kukuzia mimea) nusu kipimo, sukari gramu 20 kwa lita, agari ya kugandisha, pH (kiwango cha asidi) 5.7. Kuota zimeota vizuri, vijitufe vya kijani, hatua ya kwanza ya mche kabla ya majani, vilijaa.

Shida ilianza nilipohamishia chupa mpya. Kundi moja niliweka maji ya dafu mililita 150 kwa lita, jingine ndizi mbivu iliyosagwa gramu 50. Za dafu zinazaliana vijitufe tu, majani hayaji. Za ndizi zilitoa mizizi minene, nikafurahi kweli, lakini wiki ya tano chakula kikawa kahawia na miche ikaanza kufa kuanzia chini. Nimejaribu kuhamisha mapema, haikusaidia. Umeme ukikatika chumba kinafika nyuzi 32, sijui kama nalo linachangia.

Nikiweka mkaa amilifu (unga wa mkaa unaofyonza uchafu huo wa kahawia) kwenye chupa za ndizi, nianze na gramu 1 au 2 kwa lita ili usifyonze na virutubisho? Na pH nirekebishe kabla ya kuchanganya ndizi au baada? Miche iliyobaki ni chupa 11, na tunda nililotoa mbegu lilikuwa moja tu.