Mjadala: Kifungu cha usuluhishi kwenye mkataba wa pango kisimfunge mpangaji

Wakuu, nimesoma hoja za wanaosema mpangaji anayedai arudishiwe amana yake (pesa ya dhamana aliyomwachia mwenye nyumba) asihangaike na mahakama, aende kwa msuluhishi kama mkataba ulivyoandikwa, kwa sababu ni haraka, ni siri na hakuna kelele. Napinga. Msimamo wangu ni kwamba kifungu cha namna hiyo, kikisainiwa siku ya kuchukua funguo, kisiwe na nguvu yoyote. Ugomvi ukishatokea, mkikubaliana wote wawili kwenda kwa msuluhishi, nendeni. Kabla ya hapo, mlango wa mahakama ya madai madogo, ile ya kesi za pesa kidogo, usifungwe.

Hilo neno lenyewe linatuponza. Ukisikia usuluhishi unafikiria suluhu: watu wamekaa, kila mmoja amelegeza kidogo, mmepeana mikono. Kinachoandikwa kwenye mikataba ni kitu kingine kabisa. Mtu binafsi anawasikiliza, anaamua, na alichoamua kinakufunga, tena nafasi ya kukipinga mahakamani ni finyu mno. Tanzania, kwenye migogoro ya kazi, mambo haya mawili yametenganishwa hata kwa jina: kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mnaanza kusuluhishwa, mkishindwana ndipo linafuata la kuamuliwa. Kwenye mkataba wa pango hakuna wa kukutenganishia. Unasaini ukidhani umeahidi kutokuwa mgomvi, kumbe umeacha haki ya kusikilizwa na hakimu.

Niseme yaliyonikuta. Nilihama nyumba ya kampuni moja nikiwa nimelipa kodi yote na kupiga deki hadi chini ya jiko. Baada ya wiki kadhaa nikaletewa karatasi moja ya makato: rangi, usafi, sinki iliyopasuka. Jumla yake ililingana na amana yangu sawasawa, hakuna kilichobaki. Hakukuwa na risiti hata moja. Ile sinki niliikuta na ufa; siku ninaingia niliupiga picha nikiwa nimeweka sarafu pembeni ili ukubwa wake uonekane. Nilipolalamika, nikajibiwa kwa barua kwamba kwa mujibu wa mkataba shauri langu ni la msuluhishi, na msuluhishi huteuliwa na kampuni. Nilikaa na barua ile siku nyingi. Nilikaribia kuacha.

Nilifungua madai hata hivyo. Siku ya kusikilizwa, mwakilishi wao akaanza na kile kifungu. Hakimu akamuuliza nani humteua huyo msuluhishi. Akajibu, ni sisi. Hakimu akasema shauri linaendelea. Kisha akaomba risiti ya rangi, na mwakilishi akafungua faili lake, akalifunga.

Lakini kilichonibadilisha mawazo ni cha nje, pale kwenye benchi la kusubiria. Mama mmoja alikuwa ameshika karatasi kama yangu, ya kampuni ileile. Rangi, usafi, sinki iliyopasuka, kwa mpangilio uleule. Tuliziweka mapajani pamoja tukazisoma mstari kwa mstari. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimekosana na karani mkali tu. Ule ulikuwa utaratibu wao.

Kwa hiyo mtu akiniambia uzuri wa usuluhishi ni siri, nauliza siri hiyo inamlinda nani. Kila mpangaji anaingia chumba chake peke yake na kutoka peke yake. Kampuni inakumbuka mashauri yote, mpangaji anajua lake tu. Marekani walikofikia ni mbali zaidi. Sheria yao ya usuluhishi ni ya 1925, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya kampuni ya simu ya AT&T, iliamua kwamba kifungu cha usuluhishi kinaweza kuwazuia wateja kudai kwa pamoja. Kiini cha kesi ile kilikuwa kodi ya kama dola 30 kwenye simu iliyotangazwa kuwa ya bure. Nani ataenda kwa msuluhishi peke yake kwa dola 30?

Kuhusu haraka: Kenya walipitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, ukomo wake sasa ni shilingi milioni moja, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Unaweza kusema mlundikano unachelewesha, na ni kweli mlundikano upo mahali pengi. Dawa yake ni kuongeza waamuzi, si kuwafukuza wadai.

Sitaki nionekane napinga usuluhishi wote. Uingereza na Wales, tangu 2007, mwenye nyumba analazimika kuilinda amana kupitia mpango ulioidhinishwa na serikali. Asipoilinda ndani ya siku 30, mahakama inaweza kumtoza kati ya mara moja na mara tatu ya amana hiyo. Mipango hiyo ina waamuzi wake. Mpangaji halipii, hakuna anayelazimishwa, na mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba anastahili kukata. Huo naukubali kwa moyo mmoja, kwa sababu unachaguliwa baada ya ugomvi na amana inakuwa imelindwa. Tena sheria yao ya usuluhishi ya 1996 inakihesabu kifungu cha kumlazimisha mlaji kuwa si cha haki pale madai yanapokuwa madogo, na kiwango kilichowekwa ni pauni 5,000. California nako mpangaji wa nyumba ya kuishi hawezi kusaini kwenye mkataba wa pango kuacha haki zake za kuendesha kesi. Mahakama ya rufaa huko iliitumia kanuni hiyo dhidi ya kifungu cha usuluhishi mwaka 2003. Na kwenye madai madogo ya California mawakili hawaruhusiwi kuwawakilisha watu, kwa hiyo kampuni inamtuma mfanyakazi wake akae meza moja na wewe.

Kwa aliye na shauri sasa hivi: usikate tamaa kwa kuona tu kifungu. Soma nani anateua msuluhishi, nani analipa, na kama madai madogo yameachwa nje, maana mikataba mingine huyaacha na taasisi kubwa za usuluhishi za Marekani zinaruhusu hivyo kwenye kanuni zao za walaji. Andika barua ya madai kwanza, weka tarehe ya mwisho, baki na nakala. Halafu jina. Watu wengi wanashtaki jina lililo kwenye kibao cha getini, kumbe aliyesaini mkataba ni kampuni nyingine yenye jina lake kwenye usajili. Ukishinda dhidi ya jina la kibao, siku ya kukaza hukumu, yaani kudai ulipwe kilichoamuliwa, hutapata wa kumkamata. Picha za siku ya kuingia zina thamani kuliko za siku ya kutoka, na rangi iliyofifia kwa miaka ya kuishi ni uchakavu wa kawaida, haikatwi kwenye amana.

Nawasubiri mnaotetea kifungu hiki. Sitaki kusikia kuhusu haraka tena. Nijibuni moja: kama usuluhishi wenu ni mzuri kwa mpangaji, kwa nini asiachwe auchague mwenyewe siku ambayo tayari anajua amekatwa kiasi gani?