Gratuité ni ya nani kama mtoto kiziwi analipishwa? (Lubumbashi)

Ba mama na ba papa wa Lubumbashi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na siifichi. Binti yangu ni kiziwi, ana miaka tisa. Shule ya serikali iliyo karibu na kwetu Katuba, ile inayoitwa ya bure kwa sababu ya gratuité, yaani elimu ya msingi bila malipo, imenirudishia mtoto mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo. Shule iliyokubali kumfundisha kwa ishara inataka malipo kila muhula, tena kwa dola. Watoto wa jirani zangu wote wanasoma bure. Yeye ambaye serikali ilipaswa kumwangalia kwanza, ndiye wazazi wake wanatoa pesa.

Homa ya uti wa mgongo ilimshika akiwa na miaka mitatu. Alipona, masikio hayakupona. Tulipokwenda kumwandikisha mwaka wa kwanza, direkta (mkuu wa shule) wa wakati ule alimpokea vizuri, akaandika jina, akanipa orodha ya madaftari ya kununua. Nilimwambia mtoto hasikii. Akaandika hilo pia pembeni ya jina, na ikaishia pale kwenye lile daftari lake.

Alikalishwa nyuma. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya themanini, wamebanana kwenye madawati, wengine chini kwenye sakafu. Tangu gratuité ianze Septemba 2019 madarasa ya komini zetu, yaani sehemu za mji, yamejaa hivyo, kila mzazi anajua. Mwalimu alikuwa mama mwenye roho nzuri, simsemi vibaya. Lakini hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumfundisha mtoto kiziwi. Binti yangu anashika maneno kidogo kwa kuangalia midomo. Mwalimu akigeukia ubao, kwake somo limekatika.

Siku moja nilifika mapema nikasimama dirishani. Ilikuwa saa ya imla. Mwalimu anapita kati ya madawati akisoma sentensi polepole, watoto wameinama wanaandika. Binti yangu anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anachungulia daftari la mwenzake, mwenzake anafunika kwa mkono. Basi akainama naye akaanza kuandika jina lake. Jina lake tu, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka ukurasa ukajaa, kwa sababu aliona wenzake wanaandika na yeye alitaka kuandika. Alipewa sufuri. Mwisho wa muhula, kwenye buletini, ile ripoti ya matokeo, mahali pa maoni ya mwalimu, kuliandikwa kwa biki nyekundu: hasikilizi darasani.

Ile buletini ninayo mpaka leo. Anayetaka kuiona nitamwonyesha.

Alirudia mwaka wa kwanza, akarudia tena. Mwaka huu direkta mpya akaniita ofisini, akaniambia: "Mama, huyu mutoto hasikiaka. Huku atafanya nini? Mumupeleke ku masomo ya benzake." Nikamwuliza, papa direkta, hiyo shule ya wenzake iko wapi, na nani analipa? Akajibu kwamba hayo ni mambo ya familia.

Mambo ya familia! Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Haikusema kwa wanaosikia. Ibara ya 49 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya hatua maalum za kumlinda. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 24 cha mkataba huo kinataja wazi kabisa waalimu wanaojua lugha ya ishara. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya nchi yenyewe juu ya watu wenye ulemavu. Yote hayo yamepigiwa kura na yametiwa sahihi. Halafu mtu mwenye mshahara wa serikali anakaa mbele yangu ananiambia ni mambo ya familia.

Nimeuliza sana watu wa elimu nielewe pesa inakwama wapi, na nilichoelewa ni hiki. Gratuité haimfuati mtoto. Inafuata shule iliyo kwenye orodha ya serikali na mwalimu mwenye nambari ya matricule. Mwalimu akiwa na matricule analipwa Kinshasa, shule ikiwa kwenye orodha inatumiwa pesa ya uendeshaji. Shule ya viziwi iliyoanzishwa na kanisa au na chama, ikiwa haimo, inaishi kwa pesa ya wazazi na misaada ya wafadhili. Na tunajua jinsi matricule inavyopatikana kwa taabu: waalimu wa shule za kawaida, wale wanaoitwa nouvelles unités, wako wengi wanaofundisha bila mshahara wakisubiri. Sasa mwalimu wa ishara atasubiri mpaka lini kwenye mstari huo? Anasubiri kwa pesa yangu, mimi mwuza samaki kavu wa soko la komini ya Kenya.

Tena malipo ya shule peke yake si kitu ukilinganisha na mengine. Hiyo shule ya ishara iko komini nyingine. Mtoto wa miaka tisa asiyesikia honi siwezi kumwacha avuke barabara kubwa peke yake, kwa hiyo ni manseba (pikipiki ya kukodi) asubuhi na manseba mchana, kila siku ya masomo. Kaka yake amevuka msingi, yuko mwaka wa saba, na naye analipiwa. Muhula uliopita alifukuzwa mara kadhaa kwa sababu pesa yake ilikwenda kwa dada. Sasa anamkasirikia dada yake, na mimi sina la kumjibu.

Najua kuna watakaoandika hapa chini kwamba hata watoto wanaosikia hawana madawati, basi tusubiri zamu yetu. Nawaomba mfikiri kidogo. Mtoto anayesikia, hata akikaa chini, sauti ya mwalimu inamfikia. Binti yangu hata mkimpa dawati la peke yake mbele kabisa, hajapewa kitu. Na zamu yenyewe nani anaipanga? Mwaka 2020, mwezi wa sita, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kwa ajili ya gratuité ya Kongo, na mradi wenyewe una neno usawa katika jina lake. Hapa mkoani kwetu Haut-Katanga tunaona malori ya shaba yakipanga foleni kuelekea mpaka wa Kasumbalesa mchana na usiku. Code minier, yaani sheria ya migodi, iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema katika mrabaha wa madini, asilimia 25 ni ya mkoa na asilimia 15 ni ya komini, sekta na miji ambako madini yanachimbwa. Kuna mtu ataniambia kwamba katika hizo hakuna mshahara wa mwalimu mmoja wa ishara kwa kila komini ya mji huu? Mmoja tu, Katuba, Kenya, Kamalondo, Kampemba, Ruashi, Annexe na Lubumbashi. Hiyo ni mishahara saba.

Kuna wengine wataleta habari za maombi. Nimepita huko. Katika chumba kimoja cha maombi waliniambia mtoto amefungwa na mtu wa ukoo wa baba, na ili afunguliwe nilete sadaka. Mama mkwe wangu aliacha kuja kwetu kwa sababu ya maneno yale. Tafadhali msiyalete hapa. Ni homa iliyomla masikio, daktari aliniambia na nilimwelewa.

Yule aliyemfundisha binti yangu kweli ni fundi cherehani mmoja wa sokoni, kiziwi tangu utoto, ambaye meza yake iko karibu na yangu. Alianza kumwonyesha ishara wakati mimi nauza: samaki, maji, mama, pesa, kesho. Baadaye akanifundisha na mimi. Baada ya miezi michache mtoto alikuwa anauliza maswali, anabishana, anacheka. Huyo fundi alisoma katika shule ya viziwi enzi zile, na ishara zake ni za ukoo wa zile zilizoletwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi, naye kiziwi, aliyeanza kufungua shule za viziwi Afrika mwaka 1957 kule Ghana na kazi yake ikafika mpaka kwetu, kabla hajafa kwa ajali ya ndege mwaka 1987. Mtu mmoja, kwa michango ya makanisa, alifungua shule katika nchi nyingi. Serikali yenye wizara, wakaguzi, ofisi za elimu za Sous-Division katika kila pembe na mamilioni ya benki inaniambia haina wa kufundisha. Huyo fundi nilimwuliza kama angekubali kwenda shuleni kumsaidia mwalimu hata asubuhi mbili kwa juma. Alikubali palepale. Direkta alikataa, eti hana diploma ya ualimu.

Na tuseme mtoto akafanikiwa, akapanda mpaka sekondari. Kwenye Examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, anakutana na mtihani wa Kifaransa wa kuzungumza. Azungumze nini? Niliuliza swali hilo kwenye ofisi moja ya elimu hapa mjini. Kijana wa dirishani aliniambia nisubiri kwanza mtoto afike huko. Hivyo ndivyo wanavyopanga: wanasubiri, na kwa kuwa wanasubiri, mtoto hafiki.

Sitaki huruma na sitaki mfuko wa unga tarehe 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu, mbele ya kamera. Ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Mtoto kiziwi akishaandikishwa shule ya msingi asirudishwe nyumbani mpaka serikali imwonyeshe mahali pa kusoma ambako mzazi halipi, na kama mahali hapo ni shule ya kanisa au ya chama, basi waalimu wake wapewe matricule na shule itumiwe pesa ya uendeshaji kama nyingine. Viziwi wazima wanaojua ishara waruhusiwe kuingia darasani kusaidia, diploma itafuata. Na masikio na macho ya watoto yapimwe wakati wa kuandikishwa, maana mimi nilijua wangu hasikii, lakini katika yale madarasa ya themanini kuna wangapi wanapigwa kwa uvivu na kumbe hawasikii?

Mzazi mwenye mtoto kiziwi, au asiyeona, au asiyetembea, ambaye shule ya bure imemrudishia au imemlipisha, andika hapa chini: komini yako, mwaka wa masomo wa mtoto, uliambiwa maneno gani na unalipa kiasi gani sasa. Msiweke jina la mtoto, wala la shule, wala la mwalimu. Mwanasheria mmoja amekubali kutuandikia barua bila malipo, kwenda mkoani na kwa wabunge wetu, na anataka malalamiko ya familia nyingi, siyo ya mama mmoja. Waalimu wa viziwi mnaofundisha bila matricule, na ninyi andikeni. Wale wa Kipushi na Likasi pia mnakaribishwa. Asiye na simu ya kuandikia aje sokoni Kenya upande wa samaki kavu, aulize mama wa mtoto kiziwi, ataonyeshwa.