Tupeane uzoefu: raha yako ndogo ni ipi? Yangu ni kubana mafuta

Mzee wa IST: Wakuu, leo asubuhi nimejaza tenki, nikachukua kilomita nikagawanya kwa lita: 15.2. Toyota IST kuukuu, na nusu ya safari zangu ni foleni ya Kimara! Nimecheka peke yangu hadi kazini. Mke wangu anasema mimi mgonjwa. Pombe sinywi, mpira nimeacha kwa ajili ya presha, kilichobaki ni hii namba. Nikiona taa nyekundu kule mbele natoa mguu mapema, gari linajiendea taratibu, wenye haraka wananipita na honi zao, halafu tunakutana palepale kwenye taa. Hapo huwa nawaangalia hivi, kwa huruma. Nani mwingine ana raha ya bei rahisi ambayo nyumbani hawaielewi?

Kidume cha Tabata: Raha yangu ni kulala. Next.

Mama Vitanzi: Mwanangu, mimi ni kufuma. Nipo Njombe, mwezi wa saba huku mtu anatoka kitandani kwa kujadiliana na nafsi yake. Nilifundishwa kufuma na mwalimu wa sayansi kimu, na sindano zetu za kwanza zilikuwa spoku za baiskeli tulizozinoa kwenye jiwe. Raha yenyewe siwezi kuieleza, ni ule mkono kujua njia wakati kichwa kiko kwingine. Mume wangu alipolazwa wiki sita nilifuma masweta matatu kwenye benchi la nje ya wodi. Manesi wakawa wakipita wananiuliza, mama leo umefika kwenye kwapa? La tatu sikulimaliza. Lipo kwenye kikapu na sindano zake hadi leo, na sitaki mtu alimalizie.

Mzee wa IST: Shikamoo mama. Pole sana.

Mama Vitanzi: Marahaba. Nimeshapoa, ni siku nyingi.

Baba Popi: Msinicheke. Mimi natembeza mbwa. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Mbezi, mimi na Popi na kamba yake. Mwanzoni watoto walikuwa wanapanda juu ya ukuta wakituona, sasa wanamwita jina. Mimi jirani wa nyumba ya tatu nilikuwa simjui kwa miaka minne, kanijulisha Popi.

Mpemba Halisi: Mbwa anatembezwa? Ana kazi gani huko anakokwenda?

Baba Popi: Ananusa, mkuu. Ndiyo kazi yake.

Mpemba Halisi: Na akikugusa kwa mate unajua hukumu yake? Mara saba, moja kwa udongo. Wewe kila asubuhi utabeba ndoo ya udongo?

Baba Popi: Mimi Mkristo, kaka. Na Popi amechanjwa kichaa, kadi ninayo. Wewe una kadi?

Mpemba Halisi: 😂 Haya bwana. Lakini nikikutana nawe njiani nahama upande, usikasirike.

Mtoto wa Ilula: Mzee wa IST umenirudisha mbali. Huu ugonjwa wa kubana mafuta nusura uniue mimi na mamdogo.

Nilikuwa na Corolla ya marehemu baba, gia za mkono. Natoka Ilula naenda Morogoro, nyuma magunia mawili ya vitunguu, mbele mamdogo kashika kapu la mayai mapajani. Mshale uko kwenye nyekundu. Hela ipo, ila kuna dereva mmoja wa Hiace aliniambia: dogo, mteremko ule wa Kitonga ni zawadi ya Mungu, weka nyutro, toa gia kabisa, zima, unashuka bure hadi Ruaha Mbuyuni. Nikaona huyu ndiye mtu mwenye akili.

Nikazima. Wakuu, ule ukimya! Unasikia upepo tu na mayai yanagongana. Nikatabasamu. Kona ya kwanza nikakanyaga breki, ikashika vizuri. Ya pili ikawa ngumu. Ya tatu nilikuwa nakanyaga jiwe. Stelingi nayo imekuwa kama ya trekta. Mbele yangu kuna lori limebeba kontena, linashuka kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayesindikiza maiti, na kutoka chini linapanda jingine. Kulia lori, kushoto bonde. Mamdogo alikuwa anasali. Halafu akaacha kusali, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena: "Washa gari, mpumbavu wewe!"

Nikawasha. Nikaingiza gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia kama inachinjwa, gari likapungua, likaja kusimama kwenye mtaro upande wa mlima. Harufu ya breki. Mayai sita yamepasuka. Mamdogo akashuka, akasimamisha lori lilelile la kontena, akaenda nalo hadi Mikumi, hakuniaga. Kila harusi ya ukoo lazima aisimulie, na kila mwaka kona zinaongezeka. Mafuta niliyookoa siku hiyo hayakujaza hata chupa ya maji.

Kidume cha Tabata: Nimeamka. Endelea.

Shangazi Mkuu: Ningekuwa mimi mamdogo ningekupiga na hilo kapu.

Fundi Nozeli: Dogo, ulipona kwa sababu hukurudisha ufunguo hadi mwisho, stelingi ingejifunga. Breki zinasaidiwa na injini; ikizimwa una misukumo miwili mitatu tu ya akiba, basi. Na sikilizeni nyote: gari la nozeli, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, ukiwa kwenye gia na mguu umetoa kwenye mafuta, nozeli zinafunga. Matairi ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka nyutro injini inaomba mafuta ili isizimike. Kwa hiyo mnashuka kwa hatari NA mnatumia mafuta zaidi.

Suka wa Tunduma: Fundi unasoma vitabu. Mimi niko barabarani tangu 1996, nyutro inabana, nimepima.

Fundi Nozeli: Umepima kwa gari la zamani la kabureta, lisilo na nozeli, hapo sawa. Na lori ukishuka nyutro sisi tunakuja kukuchukua na winchi.

Suka wa Tunduma: Winchi ya nani? Una winchi wewe?

Shangazi Mkuu: Wenye otomatiki je? Nina Passo.

Fundi Nozeli: Shuka na gia ndogo, kama L au S, dada. Usiizime ikiwa inatembea, utaua gia boksi.

Mzee wa IST: Tusitoke kwenye mada jamani. Kubana kwangu hakuna nyutro. Upepo wa tairi kila wiki, kipimo kimeandikwa kwenye mlango wa dereva. Toa mizigo kwenye buti. Barabara kuu nabaki 80, kwa sababu mwendo ukiwa mara mbili upepo unakukaba mara nne.

Suka wa Tunduma: 80 unalala. Nenda 100 ufike mapema, injini ipumzike.

Kidume cha Tabata: Panda basi la mwendokasi, utabana yote.

Shangazi Mkuu: Na AC?

Mzee wa IST: Kwenye foleni vumilia jasho. Barabara kuu funga vioo, washa.

Shangazi Mkuu: Kwa joto la Dar nivumilie jasho? Endelea kuumwa peke yako.

Baba Popi: Samahani kurudisha nyuma. Mama Vitanzi, mwezi ujao nahamia Iringa kikazi na Popi hajawahi kuona baridi. Sweta la mbwa linafumika?

Mpemba Halisi: Mimi natoka kwenye huu uzi.

Mama Vitanzi: Linafumika, baba. Nipimie kifua nyuma ya miguu ya mbele, shingo, na mgongo hadi mkia unapoanzia. Miguu ya mbele naacha matundu. Na umwambie asilitafune, uzi umepanda bei.